Bale ya chini ya kasanduku

Bantu yangu, watu yangu, musogee karibu. Weye wa kule nyuma, kamata kiti, na kama kiti imekosa, kamata tumbo yako uikalie. Maman, weka ile sahani chini, kuku haitakimbia, imeshakaangwa. Nataka kubaelezea mambo ya ordinateur, kompyuta, na mimi njo muntu wa mwisho katika Bruxelles hii anaruhusiwa kuongea mambo ya ordinateur, juu masomo mimi niliisikiaka tu kupitia dirisha, nikipita na mbuzi. Lakini hii sikuisoma. Hii niliifanya mimi mwenyewe, na nikiikumbuka, masikio bado inaniwaka.

Bon. Ile miaka ya deux mille, elfu mbili na kitu, mbele ya hizi magroupe ya telefone zenye kulia mchana na usiku, sisi bantu ya Kiswahili ya Schaerbeek tulikuwa na association. Donc, bantu ya Kivu kama mimi, na bantu ya Bujumbura, wengi wao Waislamu. Tuliungana juu ya luga, na juu ya baridi. Association ilikuwa na kazi moja tu: matanga. Ukifiwa, hata kama maiti iko Bukavu ao Bujumbura, na weye uko hapa na huna njia ya kwenda kuzika, haubakie peke yako na ukuta. Bantu banakuja. Banaikala kwako, banaleta sufuria, banaimba ao banasoma dua, kila muntu ya kwao, mpaka voisin, jirani Mbelgiji, anagonga kuuliza nani ameoa. Kwetu unaweza kunitukana leo, kesho tukacheka. Lakini nikifiwa na haukuje, hapo tumemaliza, hata tukikutana mbinguni nitageukia upande ingine.

Na nani alikuwa anaita bantu? Mimi. Mungu alininyima mambo mengi, lakini sauti alinipa ya bantu wanne. Nikikohoa Schaerbeek, mbwa ya Auderghem inaamka kujibu. Nilikuwa nafanya nettoyage, kusafisha, kwa mabureau upande wa Chaussée d'Ixelles, na nikitoka kazi nilikuwa nakamata telefone, naita, naita, bote kutoka kwa kichwa yangu. Shida, kichwa yangu ilikuwa inapenda marafiki. Benye kunichekea nilikuwa nabaita kwanza. Benye kuninunia nilikuwa nabasahau, comme par hasard, kama bahati mbaya tu. Kelele ikakuwa mingi. Présidente wetu, maman moja muuza pagne, muntu akikuangalia tu unakumbuka zambi zako na za baba yako, akasema: "Papa, kuanzia leo kichwa yako ipumzike. Tutafuata ordinateur. Ordinateur haina rafiki wala shemeji."

Ordinateur yenyewe niliiokota kazini, balikuwa banaitupa. Écran, kioo yake, ilikuwa na mgongo kama ngamia mwenye mimba. Niliipakata kwenye tram, na ninawaapia, contrôleur aliangalia ile kintu, akaniuliza kama mwenzangu ana ticket.

Programme ilitoka kwa dada moja Mtanzania, bibi ya mmoja wetu. Alikuwa anafanya kazi ya kompyuta kwenye bureau moja mkubwa, na Kiswahili yake ilikuwa imepigwa pasi, mpaka sisi tukiongea mbele yake tulikuwa tunaziba midomo kama bantu wamekosa meno. Akaikala dimanche na dimanche, jumapili kwa jumapili, kwa salle ya association, akimaliza akaniita.

"Kaka, njoo uone. Majina ya wanachama wote yapo kwenye database. Database huioni, iko nyuma. Wewe unachagua commune, yaani mtaa, hapa juu, unabonyeza hapa, programu inaenda kuuliza, majibu yanakuja kujipanga kwenye hii list."

"Ni kama duka," nikasema. "Depot iko nyuma. Naomba maharagi, mwenye duka anaingia depot, anarudi, anapanga maharagi kwa meza mbele yangu. Kasanduku haka njo meza."

"Hapo hapo, kaka," akasema.

Ile "hapo hapo" njo ilinipoteza. Nilivimba. Nilijiona kama muntu mwenye anastahili cravate.

Mwanzo kasanduku kalikuwa na wazimu. Nabonyeza Ixelles, bantu ya Ixelles banakuja. Nabonyeza Auderghem, bantu ya Auderghem banajipanga chini ya bale ya Ixelles, na bale ya Ixelles habatoki. Nikibonyeza tena, muntu anazaa pacha yake mwenyewe, jina moja inatokea mara mbili, mara tatu. Tonton moja nilimuita mara mingi kwa matanga ileile, mpaka akaniuliza kama ni yeye njo amekufa, habari imechelewa kumufikia. Dada akacheka, akasema alisahau kusafisha list mbele ya kujaza mapya. Akatengeneza. Kuanzia hapo ukibonyeza, kasanduku kanajifuta safi, halafu kanaleta bale tu uliomba. Na pale njo kosa yangu ilipata mahali ya kuikala: nikaweka kichwani kwamba mwenye anaonekana pale ni muntu wetu, na mwenye haonekani, hayuko.

Halafu nikamuomba dada kintu kimoja, lettres, herufi, zikuwe kubwa. Nilimuambia ni juu ya macho ya présidente. Uongo. Macho ilikuwa yangu, na mimi kusoma nilikuwa nasoma na kidole, kama muntu anachambua mawe kwenye muchele. Akaziongeza, zikakuwa kubwa mpaka chauffeur wa tram angeweza kupita inje na kujua nani anaishi wapi. Sasa, lettres zikinenepa, kasanduku kenyewe hakanenepi. Majina machache njo inaingia, na zingine zinabakia chini, zinangoja ushuke kuzitafuta. Dada alinionyesha. Namkumbuka na kidole yake pale kwa écran: "Majina yakizidi, unashuka na hii ya pembeni, unaivuta hivi. Umeelewa?" Mimi wakati ule nilikuwa nimegeuka, naelezea présidente mambo yangu ya depot na maharagi, mara ya tatu. Nikajibu nyuma ya bega: "Nimeelewa, dada, parfait." Muntu mwenye hakuenda masomo, neno "nimeelewa" anaisemaka mbio kuliko jina yake.

Auderghem haikukuwa na shida, kule tulikuwa na familia mbili hivi. Ixelles pia balikuwa banaenea ndani ya kasanduku. Lakini Schaerbeek tulikuwa kama sisimizi. Na kasanduku kanapanga majina kufuata A, B, C, na majina ya bantu ya Kivu munaijua, ni B. Baba B, shemeji B, pasteur B, mwenye kukata nywele B. Mimi pia niko B. Nikibonyeza Schaerbeek, kasanduku kalikuwa kanajaa B kutoka juu mpaka chini, na sikushangaa hata kidogo, juu kule kwetu, ukiita B barabarani, hata mbuzi inageuka. Bandugu ya Bujumbura, bao, majina yao nyingi inaanza na N. Bote balikuwa chini kule, kwenye giza, na mimi sikujua kama iko chini.

Alors bantu ya B tulizika dunia nzima. Papa moja mwenye jina yake ilikuwa ya kwanza kabisa, alipika pondu ya matanga, ile mboga ya muhogo, mpaka mikono yake ikageuka majani. Siku moja nampigia, anajibu mbele sijafungua kinywa.

"Nani tena?"

Nikamuambia nani. Nikasikia anaweka kijiko chini.

"Sikia. Mimi nimekuwa fonctionnaire, karani ya matanga. Bale bengine beko wapi? Balihama?"

"Papa, ordinateur njo imekuchagua."

"Basi iambie imenichagua ya kutosha. Ichague na bibi yake."

Na bandugu ya Bujumbura bakaanza kupotea. Dimanche moja hawa hawako, dimanche ingine bale hawako. Présidente akaniuliza balikasirikia nini. Nikamuambia pengine ni Ramadhani. "Ramadhani ya mwaka muzima, papa?" Nikamuambia mimi niko mukristo, sijui kalenda yao.

Sasa nifike pale sipendi kufika.

Kulikuwa maman moja wa Bujumbura, mwenye alikuwa anatunza bazee kwenye nyumba yao kule Auderghem, lakini anaishi kwetu Schaerbeek. Muntu wa sauti ndogo. Wakati baba yangu alikufa Bukavu, yeye njo alifika kwangu wa kwanza, mbele ya bandugu yangu ya damu. Alivua viatu, akaikala chini karibu na bibi yangu, mama ya watoto yangu, akamshika mukono, na hakuondoka mpaka bibi yangu alipata usingizi. Donc nilimujua. Musiniulize kama nilimujua.

Samedi moja asubuhi ananipigia.

"Papa, mama yangu amefariki, kule Buyenzi, Bujumbura. Nimepata habari saa hii. Naomba munitangazie kwa watu."

Nikamuambia pole, maman, pole sana. Na ingeishia hapo, leo ningekuwa muntu muzuri. Lakini nilikuwa kwa salle, ordinateur inawaka mbele yangu, nimeikala kwenye kiti yenye kuzunguka, najisikia ministre. Nikabonyeza Schaerbeek. B, B, B. Nikapitisha kidole kutoka juu mpaka chini. Nikarudilia. Na nikamuambia muntu mwenye amefiwa na mama yake, na ile sauti ya guichet, kadirisha ya mabureau ya serikali, ile sauti tulisikiaka sisi bote tukifika hapa na karatasi zetu, na tukailaani:

"Maman, kwa ordinateur hauko."

"Siko namna gani?"

"Hauko, maman. Labda dossier yako haikuingia. Tutaangalia."

Nikasikia maji inachemka nyuma yake. Halafu akasema: "Sawa, papa. Asante." Akakata.

Asante. Alinisemea asante. Kama angenitukana, na mama yangu ndani ya matusi, ningelala vizuri hii miaka yote.

Ningeweza kwenda mimi mwenyewe. Kutoka kwangu mpaka kwake, ukirusha kandambili inafika. Nilisema nitaenda dimanche. Dimanche mvua ikanyesha, ile mvua ya Bruxelles yenye haina kazi ingine. Nikasema nitaenda dimanche ingine. Dimanche ingine haya ilikuwa imeshaingia, na haya ikishaingia kwa muntu, njia zote zinakuwa sens interdit, marufuku kupita. Nilisikia baadaye kama maman alitoa viti vyote ya salon, akavijaza kwa chambre, akatandika mikeka kutoka ukuta mpaka ukuta, akingoja bantu. Balikuja bamaman bawili ya mosquée, musikiti yake, basi. Bakaikala batatu pale kwenye kona, mikeka ingine yote ikabaki wazi kama uwanja wa mpira.

Nilikuwa nikimuona kwa arrêt, kituo ya tram, navuka barabara bila kuangalia bus. Siku moja nilijificha nyuma ya mapoubelle, mapipa ya takataka, na gilet yangu ya kazi, maman moja wa Kituruki mwenye duka akafikiri niko muntu wa takataka, akaniletea macartons yake nizibebe. Nikazibeba. Ningefanya nini? Nilizitembeza mpaka karibu na nyumbani.

Mwishoni papa wa B wa kwanza akakataa. Alikuja kwa présidente na sufuria yake mikononi, akaiweka kwa meza, akasema sufuria na yeye bote bawili banaacha kazi. Présidente akaita dada, aje aangalie ordinateur. Dada akafika na nguo zake ya bureau, akaikala, akabonyeza Schaerbeek. B, B, B.

"Mbona iko sawa?" akasema.

"Inaleta bantu balebale tu, dada. Imezeeka."

Akaniangalia. Kuko kafimbo ka kijivu pale pembeni ya kasanduku, mimi nilifikiriaka ni urembo, kama upindo ya pagne. Akakakamata na souris, kale kapanya ka ordinateur, akakavuta chini polepole.

Bantu yangu. Majina ikaanza kushuka kama abiria kwa Gare du Nord asubuhi. Baada ya B, K. Baada ya K, M, M, M. Halafu N ikaja, N juu ya N, nilifikiri itajaza écran, ipasue kioo, ifike kwa meza. Benye tulisema balihama. Benye tulisema bana Ramadhani. Na yeye pale kati, lettres kubwa vile niliziomba mwenyewe, na numéro yake yenye alinipigia nayo. Hata lettre moja haikukosewa.

"Kaka," dada akasema, "tangu nimekupa hii programu, hujawahi kushuka?"

"Nilikuwa nashukaka," nikasema. "Pengine si sana."

Présidente akauliza kutoka kwa mulango ni nini. Nikasema: "Ni virus." Dada akageuza kichwa, akaniangalia, akafunga mkoba wake. Adabu ya bale bantu ya pwani iko mbaya sana, inakuachia uongo yako mikononi ukiishikilia peke yako. Nikaishikilia mpaka dada alivaa koti na kutoka. Présidente alikuwa anakunja pagne zake za kuuza.

"Maman, si virus."

"Ni nini?"

"Ni mimi."

Nikamuelezea yote. Mambo ya kuvuta, mambo ya simu, "hauko", sauti ya guichet. Hakuacha kukunja. Alikunja ile pagne mpaka ikakuwa ndogo kama biscuit.

"Nilikuambia ufuate ordinateur," akasema. "Sikukuambia macho uyaache nyumbani. Yule si ndiye alifika kwako wa kwanza ukifiwa?"

"Njo yeye."

"Basi utabapigia bote. Bote, mpaka chini. Na dimanche tunaenda kwake, na ni weye utasimama mbele."

Nikapiga. Nilivuta kale kafimbo, jina moja moja. Kila N alikuwa ameniwekea maneno yangu tayari. Wa kwanza akauliza: "Leo mumetuokota wapi?" Ingine akasema: "Papa, sisi tulijua association ndiyo imekufa. Tulikuwa tunauliza matanga yake iko wapi, tupeleke maharagi." Maman moja mzee aliniacha nieleze kutoka mwanzo mpaka mwisho, nusu saa nzima, halafu akasema, "Bon, sasa rudilia, nimeweka haut-parleur, wajukuu wasikie." Nikarudilia. Na nikasikia watoto kule nyuma banacheka na mimi pia nikacheka kidogo.

Yule maman mwenyewe sikumupigia. Nilishindwa.

Dimanche ikafika, janvier, baridi ya kukata masikio na kuyaweka mfukoni. Yeye alikuwa anaikala étage ya juu kabisa, na ile escalier, ninawaambia, unaanza kuipanda ukiwa kijana. Tulipanda bote, B, K, M, N, na masufuria juu ya vichwa, na bale benye habakupata nafasi balibaki inje kwa trottoir. Katikati, voisin wake Mbelgiji alikuwa anashusha mbwa yake kukojoa, akakwama kati ya bamaman, hajui kama apande ao ashuke. Moja akamupa kifuniko ya sufuria ashike. Akaishika.

Nikagonga. Akafungua, na kitambaa ya nyumbani kichwani. Aliniangalia, halafu akaangalia nyuma yangu, bantu mpaka chini kule. Mimi nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri, nimeyakariri kwenye tram wiki nzima. Yote ikakimbia.

"Maman," nikasema, "ulikuwamo. Siku ile ulikuwamo. Jina yako ilikuwa chini, na mimi sikushuka. Ordinateur haikukuonyesha."

"Ordinateur," akasema.

"Ndiyo, maman. Ordinateur ilikuwa inaleta bale ya juu tu, na mimi nikafikiri..."

"Papa, mimi sikupigia ordinateur. Nilikupigia wewe."

Présidente alinitia kidole mgongoni nipige magoti, lakini hakukuwa nafasi ya magoti, nyuma yangu ilikuwa sufuria ya moto. Nikainamisha kichwa tu. Baridi ya inje ilikuwa inapanda kati ya miguu yetu na kuingia kwake, nikaona rideau, pazia ya salon yake, inatikisika. Alisimama na mukono kwa mulango, na sikujua kama ni wa kufunga ao wa kufungua. Akaangalia rideau. Akaangalia radiateur, ile chuma ya chauffage yenye kupasha nyumba moto. Akaniangalia tena mimi.

"Alors ingieni basi," akasema. "Munaacha mulango wazi, na chauffage ninalipa mimi, si ordinateur."